Programu Yako Iliishia Wapi? Kutunza na Kurejesha Nafasi ya Usomaji wa Logi

Kila anayeendesha seva ana programu, ndogo au kubwa, ambayo kazi yake ni kusoma logi. Moja huhesabu wanaokosea nywila na kuwafungia mlango. Nyingine hukusanya makosa ya hifadhidata na kuyapeleka kwenye seva kuu. Nyingine humtumia fundi wa zamu ujumbe wa simu pale huduma inapoanguka. Zote zitazimwa siku moja: umeme utakatika, sasisho litawekwa, RAM itajaa na mfumo endeshi utaziua. Zikiwashwa tena, swali la kwanza linalozikabili ni hili: niliishia wapi?

Programu isiyo na jibu hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama huanza na maingizo mapya tu, na yote yaliyoandikwa wakati imelala hayasomwi na yeyote. Mtu aliyejaribu kuvunja nywila usiku ule anapita bila kuonekana. Au huanza upya tangu mwanzo wa logi na kuirudia kazi iliyokwisha kufanyika. Hasara hii ya pili huonekana nyepesi, lakini fundi anayeamshwa saa nane za usiku kwa mfululizo wa jumbe kuhusu tatizo lililotatuliwa jana huizima sauti ya simu yake, na tahadhari ya kweli inayofuata haimfikii.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nafasi ya usomaji ndiyo daftari la programu inayosoma logi, na inastahili kutunzwa kwa uangalifu uleule tunaozipa data za wateja. Ushauri wangu wote katika makala hii unasimama juu ya kanuni tatu. Chukua nafasi kama mfumo unavyokupa, usijitungie yako. Iandike baada ya kazi kufika inakokwenda, si kabla. Na amua mapema programu itafanya nini ikikuta nafasi ile haipo tena. Nitatumia zaidi logi ya systemd, kwa kuwa ndiyo iliyomo katika Debian, Ubuntu, Fedora na jamii zake, kisha nitagusa mafaili ya maandishi na Windows.

Saa si nafasi

Wengi huanza kwa kuhifadhi saa ya ingizo la mwisho, na programu ikiwaka inaomba kila kilichoandikwa baada ya saa hiyo. Njia hii ni rahisi kuandika na inaonekana kufanya kazi, hadi siku inapokosea kimyakimya.

Kwanza, maingizo mengi yanaweza kubeba saa moja. Muundo wa zamani wa syslog, ule ulioelezwa katika RFC 3164 ya mwaka 2001, huandika saa hadi sekunde tu, na mwaka hauutaji kabisa. Seva yenye shughuli huandika mistari mingi ndani ya sekunde hiyo moja. Ukisema "baada ya saa hii" unairuka mistari iliyobaki ya sekunde ile. Ukisema "kuanzia saa hii" unairudia iliyokwisha kusomwa.

Pili, saa za kompyuta hurudi nyuma. Raspberry Pi za kabla ya toleo la 5 hazina saa ya ndani inayoendelea kutembea umeme ukikatika. Mashine ya namna hiyo ikiwaka baada ya mgao wa umeme huanza na saa iliyopitwa, na husahihishwa baadaye intaneti ikipatikana. Maingizo ya mwanzo wa kuwaka hubeba saa isiyo ya kweli. Nasi Afrika Mashariki hatubadilishi saa kwa majira, lakini ukikodi seva iliyoko Ujerumani na kuiacha itumie saa za huko, kila Oktoba kuna saa moja itakayojirudia katika mafaili yako ya maandishi.

Saa inafaa kwa mtu anayetafuta tukio la jana jioni. Kwa programu inayotakiwa kuendelea ilipoishia, haitoshi.

Alama ya systemd ina nini ndani

Logi ya systemd huipa kila ingizo alama yake, ambayo ni mstari mmoja wa maandishi unaoweza kuhifadhiwa popote. Ili uione, andika amri hii:

journalctl -n 1 --show-cursor

Mstari wa mwisho utafanana na huu:

s=0639b8e2f1c44d5c9a7e13d0b2f45a61;i=4f3c;b=9c1e70d4a5b84f0e8d2763fa10bc5e92;m=2d4a91c7;t=60a24181e4000;x=b71f03d9a2c8e645

Tuutazame kwa karibu. Herufi s inataja mfululizo wa namba ambamo ingizo limo, na i ni namba ya ingizo katika mfululizo huo. Herufi b ni kitambulisho cha kuwaka kwa mashine. Kila mashine inapowashwa hupata kipya. Herufi m ni muda uliopita tangu mashine iwake, t ni saa ya kalenda, zote kwa mikrosekunde, na x ni alama ya ukaguzi inayotokana na yaliyomo. Namba zote zimeandikwa kwa mfumo wa tarakimu 16.

Hapa ndipo nguvu ya alama hii ilipo. Kama mfululizo unaotajwa na s bado upo, systemd hutumia namba ya ingizo, na saa haihusiki kabisa. Ikishindikana, hutazama kitambulisho cha kuwaka pamoja na muda tangu kuwaka, ambao haurudi nyuma hata saa ya kalenda ikisahihishwa. Saa ya kalenda ni kimbilio la mwisho.

Hata hivyo, kujua kilichomo ndani kusikushawishi kuivunja alama na kutumia vipande vyake. Waandishi wa systemd wanaitaka programu ipokee alama nzima, iitunze nzima na kuirudisha nzima. Muundo wake unaweza kubadilika, na programu iliyoikatakata itabadilika nayo kwa uchungu. Vilevile usilinganishe alama mbili kwa kutazama kama maandishi yake yanafanana. Kuna fanksheni ya kazi hiyo, sd_journal_test_cursor, na tutaihitaji sasa hivi.

Kurudi kwenye alama bila kujikwaa

Katika lugha ya C, fanksheni unazozihitaji ni nne: sd_journal_get_cursor huchukua alama ya ingizo ulilopo, sd_journal_seek_cursor hukurudisha, sd_journal_next husogea mbele, na sd_journal_test_cursor huuliza kama ingizo ulilosimama ndilo lenye alama ile. Lugha nyingine, Python ikiwemo, zimezifunika fanksheni hizi kwa majina yanayokaribiana.

Kosa linalowapata wengi liko katika hatua ya kurudi. Fanksheni ya seek haikusomei ingizo lolote. Inakuweka mahali tu, na lazima uite next ndipo ufike kwenye ingizo lenyewe. Na ingizo hilo ni lilelile ulilokwisha kulishughulikia, kwa hiyo lazima uite next mara ya pili ili upate jipya. Mpaka hapo programu nyingi ziko sawa.

Lakini je, kama ingizo lile limefutwa kwa sababu logi ilijaa? Seek haitalalamika. Itakuweka kwenye ingizo lililo karibu zaidi, na next ya kwanza itakufikisha kwenye ingizo ambalo hujawahi kulisoma. Programu inayoita next mara mbili bila kuuliza italiruka ingizo hilo, na zaidi ya hapo haitajua kwamba kuna pengo. Ndiyo maana unauliza kwanza, kisha unaamua. Kwa Python kazi yote inakuwa hivi:

from systemd import journal

logi = journal.Reader()
alama = soma_alama()

if alama:
    logi.seek_cursor(alama)
    ingizo = logi.get_next()
    if ingizo and logi.test_cursor(alama):
        ingizo = logi.get_next()
    else:
        onya("Alama haipo tena katika logi, huenda kuna pengo")
else:
    logi.seek_head()
    ingizo = logi.get_next()

while ingizo:
    peleka(ingizo)
    hifadhi_alama(ingizo["__CURSOR"])
    ingizo = logi.get_next()

Itazame sehemu ya else iliyo chini ya test_cursor. Inakamata hali mbili kwa pamoja: ile ya kutua kwenye ingizo jingine, na ile ya kutopata ingizo lolote, ambayo hutokea logi ikifutwa yote au saa ikirudi nyuma sana. Hali hiyo ya pili ni ya hatari zaidi, kwa sababu programu huonekana imetulia ikisubiri maingizo mapya, kumbe imepoteza njia. Onyo moja linatosha kumleta mtu aje atazame.

Kazi kwanza, alama baadaye

Katika kitanzi kile cha mwisho, peleka imetangulia hifadhi_alama. Mpangilio huo si wa bahati. Ukihifadhi alama kwanza na mashine ikazimika kabla ya kupeleka, ingizo limepotea milele, kwa kuwa daftari linasema limeshughulikiwa. Ukipeleka kwanza na mashine ikazimika kabla ya kuhifadhi, ingizo litapelekwa tena programu ikiwaka. Kati ya kuruka na kurudia, chagua kurudia, kwa sababu kilichorudiwa kinaweza kutambuliwa na kutupwa, bali kilichorukwa hakina anayekidai.

Na neno "kupeleka" lichukuliwe kwa uzito. Ingizo halijapelekwa kwa sababu tu umelitupia kwenye mtandao. Limepelekwa pale upande wa pili ulipojibu kwamba umelipokea na kulihifadhi. Hadi jibu hilo lije, alama ibaki ilipokuwa.

Ili marudio yasilete madhara, upande unaopokea uwe na njia ya kulitambua ingizo ambalo tayari unalo. Tangu toleo la 254 la mwaka 2023, systemd hutoa sehemu mbili pamoja na kila ingizo, __SEQNUM na __SEQNUM_ID. Ukizifanya hizo mbili kuwa ufunguo usiojirudia katika jedwali la mpokeaji, ingizo likija mara ya pili linakataliwa na hifadhidata yenyewe, na msimbo wako hauhitaji kukumbuka chochote.

Kuna njia iliyo bora zaidi pale inapowezekana. Kama unakoandika ni hifadhidata, iwe PostgreSQL au SQLite, weka alama katika jedwali la hifadhidata hiyohiyo, na uiandike katika muamala mmoja na data. Muamala ukikamilika, data na alama vimeingia pamoja. Ukishindwa, havikuingia vyote viwili. Hakuna dakika ambayo daftari na mali vinatofautiana, na tatizo la marudio linakwisha hapo. Ningekuwa na ushauri mmoja tu wa kumpa mtu anayejenga mfumo mpya, ungekuwa huu.

Swali linalofuata huwa ni mara ngapi alama iandikwe. Kuiandika kwa kila ingizo ni salama lakini huichosha diski, hasa kadi za SD na diski za kuzunguka. Kuiandika mara chache kunaongeza marudio baada ya ajali. Panga maingizo kwa makundi, uyapeleke pamoja, kisha uandike alama ya ingizo la mwisho la kundi. Ukubwa wa kundi uamuliwe na swali moja: mashine ikizimika sasa, ni marudio mangapi naweza kuyavumilia? Weka pia kikomo cha muda, ili seva isiyo na shughuli nyingi isikae na kundi lisilojaa kwa saa nzima.

Kuiandika alama isiharibike

Faili la alama ni dogo, mstari mmoja tu, na udogo wake huwafanya watu walidharau. Wanalifungua, wanaandika juu ya yaliyokuwemo, wanafunga. Umeme ukikatika katikati, unabaki na faili tupu au nusu ya alama, na programu ikiwaka inadhani haijawahi kusoma chochote.

Namna salama ni kuandika alama mpya katika faili jingine lililo kwenye folda hiyohiyo, kulilazimisha lifike diskini, kisha kulibadilisha jina lichukue nafasi ya lile la zamani. Kubadilisha jina ndani ya mfumo mmoja wa mafaili hufanyika kwa mkupuo mmoja: atakayelisoma ataona la zamani lote au jipya lote.

def hifadhi_alama(alama):
    with open(MUDA, "w") as f:
        f.write(alama)
        f.flush()
        os.fsync(f.fileno())
    os.replace(MUDA, FAILI)

Usiiache fsync kwa kudhani kufunga faili kunatosha. Kufunga hakuhakikishi kwamba data imetoka RAM kwenda diskini. Mwenye mali nyeti afanye fsync ya folda pia baada ya kubadilisha jina. Na faida nyingine ya njia hii huonekana diski inapojaa: kuandika faili jipya kutashindwa, lakini alama ya zamani itabaki salama.

Mahali pa kuliweka faili hilo ni /var/lib, ndani ya folda ya programu yako. Usiliweke /tmp wala /run, kwani /run husafishwa kila mashine inapowaka, na /tmp katika mifumo mingi ni vivyo hivyo. Kama programu yako inaendeshwa kama huduma ya systemd, mstari wa StateDirectory= katika faili la huduma utakutengenezea folda hiyo na kuikabidhi kwa mtumiaji anayehusika. Na kila msomaji awe na alama yake. Programu mbili zikishiriki faili moja la alama, kila moja itairukisha nyingine.

Mtego ulio katika skripti

Wasiotaka kuandika Python wana njia fupi. Tangu toleo la 242 la mwaka 2019, journalctl ina chaguo la --cursor-file. Unalipa jina la faili. Likiwapo, journalctl huanza baada ya alama iliyomo, na ikimaliza huandika alama mpya. Ni zana nzuri sana, na ina mtego mmoja.

Watu wengi huandika journalctl --cursor-file=alama ikifuatiwa na bomba kwenda kwenye programu ya kupeleka. Ila journalctl huandika alama inapomaliza kutoa maandishi, haijui kama programu iliyo upande wa pili wa bomba imefanikiwa. Maandishi yakiwa machache yanaingia yote ndani ya bomba, journalctl inahifadhi alama na kuondoka, na programu ya kupeleka ikianguka dakika hiyo, maingizo yamekwenda. Dawa yake ni kufanya kazi na nakala ya alama:

#!/bin/bash
set -euo pipefail
cd /var/lib/mpelekaji

rm -f alama.mpya
if [ -f alama ]; then cp alama alama.mpya; fi

journalctl -q -o json --cursor-file=alama.mpya > kundi.json
if [ ! -s kundi.json ]; then exit 0; fi

./peleka kundi.json
mv alama.mpya alama

Amri ya peleka ikishindwa, set -e husimamisha skripti kabla ya kufika kwenye mv, alama ya kweli haijaguswa, na safari ijayo kundi lilelile litajaribiwa tena. Ukiiendesha skripti hii kwa cron, tumia flock ili safari mpya isianze kabla ya ile ya kwanza kumaliza.

Mafaili ya maandishi yana mambo yake

Si kila kitu hupita katika logi ya systemd. Nginx, Apache na programu nyingi za biashara huandika mafaili ya kawaida, na huko hakuna anayekupa alama. Unaitengeneza kwa vitu viwili: utambulisho wa faili na idadi ya baiti ulizosoma.

Utambulisho si jina. Logrotate inapofika usiku hulibadilisha jina access.log liwe access.log.1 na kufungua access.log jipya. Jina ni lile, faili ni jingine. Katika Linux utambulisho ni namba ya inodi pamoja na namba ya kifaa, na vyote viwili unavipata kwa stat. Programu ikiwaka na kukuta inodi imebadilika, isikimbilie faili jipya. Itafute kwanza lile la zamani kati ya yaliyobadilishwa majina, imalize mistari iliyobaki, ndipo ianze jipya tangu mwanzo. Ili faili la zamani lisikutwe limekwisha kubanwa, weka delaycompress katika mipangilio ya logrotate, nalo litabaki wazi mpaka zamu inayofuata.

Inodi ikiwa ileile lakini ukubwa wa faili ni mdogo kuliko idadi ya baiti ulizosoma, faili limekatwa, na unaanza upya tangu sifuri. Ndivyo ilivyo kwa anayetumia copytruncate, ambayo hunakili faili kisha kufuta yaliyomo. Mwongozo wa logrotate wenyewe unakiri kwamba mistari inayoandikwa kati ya kunakili na kukata inaweza kupotea, na hapo hakuna ustadi wa msomaji unaoweza kuiokoa. Kama programu inayoandika logi inaweza kuambiwa ifungue faili upya, achana na copytruncate.

Tahadhari tatu zaidi. Mifumo ya mafaili kama ext4 huweza kuipa faili jipya inodi ya faili lililofutwa, kwa hiyo ongeza kwenye alama yako hashi ya mstari wa kwanza wa faili. Hesabu baiti, si herufi. Jina la mteja lililoandikwa kwa Kiarabu huchukua baiti nyingi kuliko herufi zake, hivyo fungua faili kwa hali ya baiti. Na usihesabu mstari ambao haujakamilika. Mwandishi anaweza kuwa katikati ya sentensi wakati wewe unasoma, kwa hiyo alama iishie baada ya mwisho wa mstari wa mwisho ulio kamili.

Ikiwa orodha hii inakuchosha, ujue wenzako wamekwisha kuifanya kazi. Fluent Bit hutunza nafasi zake katika faili la SQLite ukiiwekea chaguo la DB, Fluentd ina pos_file, Filebeat ina rejista yake, na Debian ina logtail, zana ndogo iliyokuja na logcheck. Kabla ya kuandika yako, jiulize kama mojawapo haikutoshi.

Kwa wanaotumia Windows

Logi ya matukio ya Windows ilipata mfumo mpya kuanzia Vista, na mfumo huo una alama rasmi. EvtCreateBookmark huitengeneza, EvtUpdateBookmark huisogeza hadi tukio ulilomaliza, na EvtRender huigeuza kuwa maandishi ya XML unayoweza kuyahifadhi. Kurudi, unaijenga alama kutoka kwenye XML hiyo na kuipa EvtSubscribe pamoja na EvtSubscribeStartAfterBookmark.

Ushauri wangu hapa ni mmoja: ongeza EvtSubscribeStrict. Bila hiyo, tukio la alama likiwa limefutwa, Windows itakuendeleza mbele bila kukueleza. Ukiiweka, wito unashindwa na kukupa kosa la ERROR_NOT_FOUND, nawe unajua kuna pengo. Ni kanuni ileile ya test_cursor kwa sura nyingine.

Alama isipokuwapo tena

Logi haziishi milele. Kwa mipangilio ya kawaida, journald, huduma inayoiandika logi ya systemd, hujiwekea kikomo cha asilimia 10 ya diski inakokaa, bila kuzidi GB 4, na ikifika hapo hufuta mafaili ya zamani. Programu iliyolala muda mrefu kuliko uhai wa logi itakuta alama yake haina mwenyewe. Kwa hiyo pima: logi yako inabeba siku ngapi, na programu yako inaweza kulala siku ngapi kabla mtu hajagundua? Ya kwanza iwe kubwa kuliko ya pili kwa nafasi ya kutosha. Kama sivyo, ongeza SystemMaxUse.

Kagua pia kama logi inahifadhiwa diskini. Katika mashine ambayo folda ya /var/log/journal haipo na Storage imeachwa auto, journald huandika /run, na kila kitu hupotea mashine ikizimwa. Utakuwa umeitunza alama kwa ustadi wote, kumbe kinachoelekezwa nayo hakipo. Weka Storage=persistent.

Anayechuja maingizo ya huduma moja tu awe makini na jambo jingine. Huduma ikikaa kimya kwa wiki kadhaa, alama inabaki kwenye ingizo lake la mwisho huku logi ikiendelea kujazwa na wengine, mpaka ingizo lile lifutwe. Programu itaonya kuhusu pengo ambalo halipo. Tatizo hili huisha ukisoma maingizo yote na kuchuja ndani ya programu, alama ikisogea hata kwa yale usiyoyahitaji.

Mwisho, tofautisha mara ya kwanza na ajali. Faili la alama lisipokuwapo, programu haiwezi kujua kama imesakinishwa leo au kama mtu amelifuta. Wakati wa kusakinisha, amua waziwazi kama usomaji uanze mwanzo au mwisho wa logi, na uliandike faili la alama papo hapo. Kuanzia siku hiyo, kukosekana kwake ni hitilafu ya kuripotiwa, isiwe ruhusa ya programu kuanza upya kimya.

Ijaribu kabla ya ajali kuijaribu

Programu hii haiwezi kuaminiwa kwa kusomwa msimbo wake tu. Andika kwenye logi maingizo elfu moja yenye namba kwa amri ya logger, na yanapopelekwa, iue programu kwa kill -9. Iwashe, iue tena, iwashe. Kisha hesabu upande wa mpokeaji: namba zote zipo? Zilizojirudia zimekataliwa? Baada ya hapo ijaze diski uone alama inabaki vipi. Tumia journalctl --rotate na --vacuum-time kufuta maingizo ya zamani ukiwa umeisimamisha programu, uiwashe, uone kama onyo linatoka. Haribu faili la alama kwa makusudi kwa kuandika neno lisilo na maana ndani yake. Programu iseme wazi kwamba alama haisomeki, isiendelee kana kwamba hakuna kilichotokea.

Yote haya ni kazi ya mchana mmoja katika mashine ya majaribio. Usiiachie programu seva ya wateja mpaka hesabu ya yaliyotumwa na hesabu ya yaliyopokelewa zikubaliane baada ya kila jaribio, na siku utakapobadilisha msimbo wake, hesabu tena.